Sauti ya Volti Sita

Inspekta Selpha Naswa aliisikiliza rekodi hiyo kwa mara ya tano, na kwa mara ya tano akachefukwa. Si kwa sababu mtu alikufa mwishoni mwake. Katika miaka kumi na minne ya kazi alikuwa ameshazoea vifo. Kilichomchefua ni wale waliokuwa wakila. Gitaa linalia, na karibu kabisa na simu mtu anafyonza kichwa cha samaki wa ngege, mwingine anacheka mpaka anapaliwa. Hata baada ya ukelele wa mwisho, baada ya kishindo cha maiki kuanguka, sauti ya mwanamume inasikika wazi: "Huyo amelewa tu. Leteni ugali ingine."

Simu ilikuwa ya Beldina, mama muuza samaki wa Asembo Bay, aliyerekodi onyesho zima kwa sababu alimpenda mpiga gitaa. Mpiga gitaa huyo aliitwa Opondo. Aliimba na kupiga solo ya benga, muziki wa gitaa wa Waluo, kwa miaka ishirini, na wiki mbili zilizopita, saa kumi za alasiri, alikufa jukwaani katika Ondiek Gadeni, mkahawa wa ufuoni wenye nyama, samaki na muziki wa Jumamosi. Daktari alikuta alama za kuungua mahali pawili: kwenye vidole vya mkono wa kushoto na kwenye midomo.

Kila mtu alijua kilichomuua. Ni kiboksi. Kiboksi cheusi cha bati, kikubwa kiasi cha mkate, kilichotengenezwa na fundi Mathews Waliaula katika banda lake mjini Kisumu. Kinachukua stima ya ukutani na kutoa volti kumi na nane za kulishia pedali, kile kidude cha kukanyaga kwa mguu ambacho wapiga gitaa hupitishia sauti yao. Polisi walipofika walikuta kiboksi kimechomekwa kwenye pedali ya Opondo. Mtaalamu aliyekipima aliandika mstari mmoja tu wa maana: yawezekana kilivujisha stima hadi kwenye nyuzi. Kwa neno hilo moja, "yawezekana", Mathews alikuwa amelala seli siku kumi na tatu, na Jumatatu angesomewa shtaka la kuua.

Leo ilikuwa Jumamosi.

"Kuna maiti, kuna kiboksi, kuna fundi," mkubwa wake alikuwa amemwambia asubuhi, akichokonoa meno kwa kijiti. "Unatafuta nini tena, Selpha? Halafu leo nimealikwa kumbukumbu ya marehemu huko kwa Ondiek. Usiniharibie siku."

Naswa alitazama kile kijiti kikiingia na kutoka, akaondoka.

Naswa hakumpenda fundi mwenyewe. Mathews alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na alimkera tangu siku ya kwanza alipomsalimia kwa Kiluhya, "Mulembe, Madam," kwa matumaini mengi machoni, kana kwamba kutoka Bungoma wote wawili kungefungua kufuli ya seli. Naswa alimjibu kwa Kiswahili. Hata hivyo, saa nne asubuhi alimtoa, akampeleka chumba cha vielelezo. Konstebo Oluoch alikaa pembeni na daftari. Mezani palikuwa na pedali ya Opondo, amplifaya ndogo, gitaa la kuazima kutoka kanisani kwa Oluoch, na kiboksi pacha cha kile cha kesi, kilicholetwa kutoka bandani.

"Fungua pedali," Naswa alisema. "Usiguse kingine chochote."

Mathews alifungua skrubu nne. Ndani palikuwa na betri ya mraba, ile ya volti tisa. Aliigusisha ncha za mita.

"Sita nukta moja, Madam. Hii imekufa."

"Andika, Oluoch. Ilikufa lini?"

"Betri haiandiki tarehe."

Jibu lilimuudhi kwa sababu lilikuwa sahihi. "Ukichomeka kiboksi, betri bado inafanya kazi?"

"Hapana. Plagi ikiingia tu, betri inakatwa. Ni kimoja au kingine."

"Sawa. Nipigie kwa kumi na nane, kisha tisa, kisha sita. Wimbo ni uleule."

"Madam unaimba kwaya?"

"Piga."

Mathews alichomeka kiboksi, akazungusha kitufe chake hadi kumi na nane. Hakuwa mpiga gitaa wa kulipiwa, lakini vidole vyake viliijua njia. Sauti ilitoka safi, kila uzi umesimama peke yake, na alipopiga kwa nguvu ilikua tu bila kuchafuka.

"Volti ni kama dari ya nyumba," alisema akiendelea kupiga. "Kumi na nane, dari iko juu. Ruka unavyotaka, hugongi kichwa. Benga inataka hiyo, solo ipae. Sasa tisa." Akazungusha. "Dari imeshuka. Ukipiga polepole husikii tofauti. Ukipiga kwa nguvu, umesikia? Imegonga. Kuna mchanga kidogo. Wengine wanapenda huo mchanga, watu wa roki. Opondo hakupenda."

"Na sita?"

Alirudisha ile betri iliyochoka. Sauti ilianza, ikabanwa, ikakatika kabla ya wakati wake. Kila noti ilitoka kama mtu anayeongea na tonge la ugali mdomoni.

Naswa alibonyeza simu ya Beldina kwenye dakika za mwisho za uhai wa Opondo. Gitaa lilitoka na tonge lilelile mdomoni.

Mathews aliacha kupiga. "Hiyo si kumi na nane."

"Hata mimi nimesikia."

"Hata si tisa, Madam! Hiyo ni betri inakata roho. Kiboksi changu hakikuwa hapo!"

"Keti." Naswa alimgeukia Oluoch. "Tuseme wewe ni wakili wa serikali. Umesikia hayo. Unasema nini?"

Oluoch alikuna shavu. Alikuwa mtu wa Uyoma, mpole, asiyependa kumvunja mtu moyo. "Nitasema kiboksi ni kibovu, afande. Kimetengenezwa chini ya mabati, hakina hata muhuri. Kiliandikwa kumi na nane, kikatoa sita, na hizo zingine zikapanda kwa nyuzi. Hapo fundi amejimaliza mwenyewe."

"Mimi kutoa sita?" Mathews alitaka kusimama. "Mimi?"

"Keti, nimesema. Hivyo ndivyo watakavyosema Jumatatu." Naswa alifungua daftari lake. Usiku wa juzi alikuwa ameandika dakika za vituo vyote katika rekodi, pale muziki unaposimama. Vilikuwa saba. Vyote saba vilikuwa pakruok, desturi ya Waluo ambayo yeye, mtu wa kuja, hakuwahi kuizoea: mtu ananyanyuka mezani, anamtuza mpiga gitaa, muziki unasimama, naye anashika maiki na kujisifu mbele ya watu. Anajitaja ukoo, mji, mali na wanawake wanaomlilia. Akimaliza, muziki unarudi pale ulipokatiwa.

"Sikiliza kabla na baada ya maneno," alisema. "Gitaa tu. Yale majigambo yaache."

Alibonyeza simu. Gitaa lilibanwa, likasimama. Ikasikika *pwap* moja kavu kwenye spika. Mwanamke fulani akajisifu kwamba hata mawaziri humpungia mkono. Kicheko, makofi, kisha *pwap* nyingine, na gitaa likarudi. Lilirudi safi. Lilikaa safi kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini hivi, kisha likaanza tena kula ugali.

"Mara zote saba iko hivyo," Naswa alisema. "Hiyo *pwap* ni nini?"

Mathews aliushika waya wa gitaa, akauinua.

"Anachomoa waya wa gitaa. Pedali haina swichi ya kuzima, Madam. Ukichomeka waya imewaka, ukichomoa imelala. Hawa wapigaji wa matanga, wale wa kwenda ndani kabisa ambako hakuna stima, wanabeba betri moja na usiku ni mrefu. Mtu akianza kujipaka sukari, unachomoa. Betri inapumzika. Ikipumzika inarudisha pumzi kidogo, unapata kipande kizuri cha wimbo tena." Aliuweka waya chini. "Opondo alikuwa hivyo. Mkono ulikuwa unajichomolea wenyewe."

"Na kiboksi, kikipumzika?"

"Kipumzike cha nini? Stima ya ukutani haichoki. Kiboksi kibovu kinatoa sita mwanzo, sita mwisho. Hakiwezi kurudi kizuri kwa sababu mama fulani amesifu mawaziri."

Oluoch alikuwa ameacha kuandika. "Afande," alisema taratibu, "hiyo kweli mimi nimeona. Kwetu wanafanya hivyo."

"Andika. Fundi, mbona alinunua kiboksi asubuhi ya siku ile na asikitumie alasiri?"

"Nilimkataza! Nilimwambia, mahali hakuna waya wa ardhi, ule wa kumeza stima inayovuja, usichomeke kitu changu. Alitaka cha kurekodia studioni. Akakitia begini. Haya yote nilisema siku ya kwanza, mkaandika 'mshukiwa anakana'."

Ni kweli waliandika hivyo. Aliyeandika ni Naswa, na aliona aibu ikimpanda shingoni.

Basi kiboksi kilitolewa begini na kuchomekwa baada ya Opondo kuanguka, wakati watu wakimkimbiza hospitali. Lakini nani apoteze muda kumchomekea maiti kiboksi? Mtu mwenye kitu cha kuficha. Naswa alirudisha rekodi hadi kituo cha sita. Mwanzoni alikisikiliza kwa ajili ya gitaa tu, na maneno yake hakuwa ameyapa uzito. Pakruok zote ni uongo wa furaha, nani angezichunguza?

"Mimi Ondiek!" sauti nene iliunguruma. "Ondiek mwenye ufuo, Ondiek mwenye mawimbi! Kisumu yote ikilala giza, kwangu taa zinawaka! Mita ni ya watu wadogo! Mimi nakunywa stima moja kwa moja kutoka kwa chupa!"

Umati ulipiga vigelegele. Naswa alisimamisha rekodi. Kuna wezi wanaojificha, na hao aliwaelewa. Huyu aliiba stima, kisha akaomba maiki awatangazie watu.

"Amplifaya ya Opondo ilikuwa inakula laini ya wizi isiyo na waya wa ardhi," alisema polepole, zaidi kwa ajili ya daftari la Oluoch. "Maiki lazima ilikula laini halali, yenye ardhi. Vidole kwenye nyuzi, midomo kwenye maiki. Mtu katikati amekuwa waya."

"Ndiyo maana anaimba kwa mbali," Mathews alisema. "Sikiliza sauti yake, Madam, iko nyuma. Maiki ilikuwa inamuuma kwa stima tangu mwanzo. Mwisho ameinama karibu, sijui kwa nini."

Naswa alijua kwa nini. Wa saba kujisifu alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, na muziki uliporudi Opondo aliinama kwenye maiki kuliimba jina la mzee ili lisikike vizuri.

*

Saa nane Naswa na Oluoch walikuwa Asembo Bay. Jua lilikuwa kali na harufu ya mafuta yaliyokaangiwa mara kumi iliwapokea kabla ya watu. Ondiek Gadeni ilikuwa imejaa. Uso wa Opondo ulitabasamu kwenye bango la mlangoni, ukatabasamu kwenye fulana zilizoanikwa kwa ajili ya kuuzwa, na ukatabasamu kifuani mwa Ondiek mwenyewe, ambaye tumbo lake liliyavuta mashavu ya marehemu yakawa mapana. Nzi walitua kwenye sahani na kwenye fulana bila kubagua. Naswa hakuwa amekula tangu asubuhi na alishukuru kwa hilo.

Jukwaani, Opiyo, mdogo wa Opondo, alikuwa ameketi na gitaa la kaka yake akiliweka sawa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mvuvi, aliyejifunza kupiga kwa kumtazama kaka yake. Ndiye aliyempiga Mathews siku ya kukamatwa. Leo Ondiek alikuwa amemwomba apige nyimbo za marehemu.

"Madam wa Serikali!" Ondiek aliwajia huku akipangusa mikono yenye mafuta kwenye fulana, juu ya macho ya Opondo. "Karibu, karibu. Kaa chini ule kwanza, kazi haikimbii. Winny! Letea Madam samaki ile kubwa!"

"Sitakula, Bwana Ondiek. Nataka tu kukamilisha maelezo yako kabla ya Jumatatu. Kiboksi kilichomekwa na nani?"

"Yeye mwenyewe marehemu. Saa nane, kabla ya wimbo ya kwanza. Nimeona na macho yangu."

"Hakikutolewa hata mara moja?"

"Hata mara moja! Kilikaa hapo mpaka kikamuua, Mungu amlaze pema." Akatikisa kichwa kwa huzuni iliyopangwa vizuri.

Oluoch aliandika, akamgeuzia karatasi. Ondiek alitia sahihi. Kidole gumba chake kiliacha doa la mafuta chini ya jina lake, na Naswa aliichukua karatasi kwa pembe. Alimwashiria Oluoch kwa jicho, naye konstebo akaelekea nyuma ya jiko kama mtu anayetafuta choo.

"Tatizo ni kwamba gitaa linakukana," Naswa alisema. "Tuna rekodi. Opondo alipiga kwa betri siku ile, mwanzo hadi mwisho. Kiboksi kilichomekwa baadaye."

Ondiek alimtazama, kisha akacheka kwa sauti hadi meza za karibu zikageuka. "Gitaa inanikana! Jamani, sikieni! Basi na mimi nitaleta mbuzi kortini, ashuhudie." Alisogea karibu, pumzi yake ikinuka kitunguu. "Wacha tuongee ukweli, Madam. Yule fundi ni mtu wa kwenu. Unaokoa mtu wa kwenu, mkono yako inajulikana. Mkubwa wako anakuja hapa saa tisa. Mwambie hayo ya gitaa, tuone."

Naswa alihisi hamu ya kunawa uso. Juu ya bega la Ondiek alimwona Oluoch akirudi. Konstebo huyo mpole alikuwa amekunja sura namna ambayo hakuwahi kumwona nayo.

"Iko, afande," alimnong'oneza. "Waya mweusi kutoka kwa nguzo, umepita juu ya mabati ya jiko, umeingia soketi ya jukwaa. Hakuna mita, hakuna ardhi. Tepu ni mpya kabisa. Waya aliutoa wakati ule tulikuja, sasa ameurudisha."

Ameurudisha. Naswa alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Ili aadhimishe kifo cha mtu, alikuwa ameurudisha waya uliomuua, kwa jukwaa lilelile, na juu yake ameketi ndugu wa tumbo moja na marehemu, akiwa na gitaa lilelile mapajani. Kinyaa alichohisi kilikuwa kikubwa kiasi kwamba hasira haikupata nafasi. Alizungumza kwa utulivu.

"Chomoa plagi ya amplifaya huko nyuma, taratibu. Kisha kaa hapo." Halafu akapaza sauti. "Opiyo, ndugu yangu, laza gitaa chini. Usiguse maiki."

Opiyo alishangaa, lakini alilaza gitaa.

"Bwana Ondiek, stima ya jukwaa hili inatoka wapi?"

"Kwa mita yangu. Halali, safi."

"Kwa hiyo jukwaa ni salama."

"Salama kabisa! Shida ilikuwa kiboksi, na kiboksi mko nayo."

"Vizuri. Basi wewe ndiye mwenye shughuli. Panda, shika hilo gitaa kwa mkono mmoja, shika maiki kwa mwingine, uwakaribishe wageni."

Ondiek alitabasamu. "Mimi si msanii, Madam."

"Maiki hujawahi kuiogopa. Wiki mbili zilizopita uliililia."

Watu walisikia hilo wakalipenda. Mmoja akaanza kugonga meza, wengine wakamfuata. "Pakri, Ondiek! Pakri, omera!" Jisifu, ndugu! Vigelegele vikapanda. Mtu aliyejijengea jina kwa maiki hawezi kuikimbia mbele ya meza ishirini, na Ondiek alilijua hilo. Alipanda jukwaani akipunga mkono. Alisimama mbele ya maiki. Akaitazama, kisha akalitazama gitaa sakafuni, nyuzi zake ziking'aa juani.

Amplifaya ilikuwa imenyamaza. Ule mvumo wake mdogo ulikatika Oluoch alipong'oa plagi, na mtu mwenye sikio angejua papo hapo kwamba pale hapakuwa na stima tena. Ondiek hakuwahi kusikiliza kitu isipokuwa jina lake.

Aliinama. Mkono wake ulinyooka kuelekea nyuzi, ukafika umbali wa shubiri moja, ukasimama hapo.

"Zima kwanza," alisema.

"Sijasikia," Naswa alisema.

"Zima stima kwanza, Madam. Ndio nishike."

Meza ziliacha kugongwa, moja baada ya nyingine. Beldina muuza samaki, aliyekuwa amesimama na beseni lake karibu na mlango, alilishusha chini.

"Kwani stima ya mita inaua?" Naswa aliuliza. Ondiek alijiinua, akatafuta uso mmoja wa kumsaidia, hakuupata. "Oluoch, piga simu kituoni. Fundi atolewe leo, kwa amri yangu, na mkubwa akiuliza mwambie nitamweleza mwenyewe. Kisha uite watu wa kampuni ya stima waje waone huo waya ukiwa bado juu ya mabati."

Opiyo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Ondiek. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, nje na ndani.

"Mzee," alisema. "Mimi nimeshika hii gitaa tangu saa sita."

Opiyo alimsogelea.

"Ulinileta hapa, ukanipa soda, ukasema nipige vizuri kwa ajili ya Opondo. Mbona mimi hukuniambia nizime kwanza?"

"Lakini wewe huimbi, nyathiwa, mtoto wetu," Ondiek alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Wewe ungepiga gitaa tu. Maiki si ungeacha?"

Naswa alipanda jukwaani, akamfunga pingu, na hakumgusa zaidi ya ilivyohitajika.